Mtungi wa Nne Uko Wapi?

6 Februari

Mwanangu,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana najua ukiona tu mwandiko huu utapiga goti huko uliko. Sisi huku wazima. Paa la jikoni linavuja palepale, jirani yetu fundi cherehani bado anaimba kama mtu anayechinjwa, na magoti yangu yananiuma nikiwa nchi kavu tu. Nikiingia majini yanasahau. Baba yako hajambo. Anakula, analala, ananuna. Masikio yake ndiyo yaleyale, hawezi kuzamia tena hata kwenye beseni.

Sasa tuje kwenye jambo. Tangu mama yako atutoke mwaka juzi, na kompresa yake ya kujazia hewa nayo ikafa mwezi uleule kama iliyokuwa inamsubiri, mitungi yangu ya kuzamia naijazisha kwenye duka la bandarini. Juzi muuza duka akaugeuza mtungi wangu, akasoma chapa ya shingoni, akaniambia, "Mama, huu haujapimwa miaka mingi. Siujazi."

Nikamwambia, "Na wewe hujaoga tangu juzi, mbona mkeo anakupokea?"

Hakucheka. Akanitajia bei ya kupima mtungi mmoja. Mwanangu, nilikaa chini, juu ya ndoo ya mtu nisiyemjua. Kwa bei ile si bora ninunue mashua? Halafu akaniambia na kujaza kumepanda. Sikuwa na nguvu ya kuinuka.

Meli zinanisubiri nizikwangue matumbo. Bila hewa sina kazi, na bila kazi mimi na kaka yangu tutakula upepo. Nimefikiri sana. Gereji ya hapa mtaani wana mashine ya kujaza matairi, na hewa ni hewa. Wakikataa, mlinzi wa kiwanda cha soda ananijua, na kule mitungi ya gesi imejaa tele. Soda watu wanakunywa kila siku, nani amekufa? Kupima nitapima mwenyewe: nautumbukiza kwenye pipa, naangalia mapovu, kama afanyavyo fundi baiskeli. Usipotoa mapovu ni mzima.

Wewe unashinda na mitungi ya zimamoto huko karakana kwenu. Niambie kama nimekosea.

Shangazi yako

—

21 Februari

Shikamoo shangazi,

Goti nimepiga kweli, tena si kwa heshima tu; ni kwa hofu pia. Mimi mzima, chumba nilichopanga kina dirisha sasa, na kikohozi kimeniacha. Mwenye nyumba wangu amefuga kuku ndani ya korido, lakini hayo tuyaache.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Msimamizi wangu akauliza kama kuna msiba nyumbani. Nikamwambia bado.

Shangazi, gesi ya soda si hewa! Ndiyo ile inayochemka kwenye chupa, nayo ukiivuta mtungi mzima utalala na hutaamka. Watu wanainywa, hawaivuti. Nimemsimulia msimamizi, akashika kichwa kwa mikono miwili. Ile mashine ya matairi nayo nguvu yake haifiki hata robo ya unayohitaji, inatema mafuta, tena inavuta moshi wa magari yaliyo mbele yake. Moshi ule ukiuvuta chini ya meli unalewa kabla hujajua umelewa, na huko chini nani atakushika mkono? Na mapovu! Mtungi unaopasuka leo ni uleule ambao jana haukuvuja hata chembe.

Kupima kwenyewe ni hivi. Tunaujaza mtungi maji, tunauzamisha ndani ya tangi, kisha tunasukuma maji kwa nguvu kuliko ile ya siku zote. Mtungi unavimba kidogo, kama tumbo la mtu aliyeshiba. Tukiachia, lazima urudi ulivyokuwa. Usiporudi umechoka, tunautoa kazini. Tunatumia maji kwa sababu mtungi ukipasukia kwenye maji unapasuka kwa adabu. Ukipasuka una hewa, unaondoka na ukuta na aliyeuegemea.

Sikiliza njia rahisi. Lori linaloleta mitungi ya kuzimia moto kutoka huko kwenu linakuja hapa kila mwezi. Mpe dereva mitungi yako, mitupu. Tutaipima siku moja na ya wengine, mashine ikiwa imeshawashwa, na msimamizi amekubali utalipa kidogo tu. Kujaza, nenda kituo cha zimamoto. Wana kompresa nzuri yenye vichujio, maana nao huvuta hewa hiyo ndani ya moshi. Muombe mkuu wa kituo, mchangie gharama ya vichujio. Baadaye, nyinyi wakwangua meli mnaweza kuchanga mkanunua kompresa iliyotumika, ila bomba lake la kuvutia hewa liwe mbali na injini, upande unakotoka upepo. Tena kwa kina kifupi cha chini ya meli, kompresa ya kupumulia ikiwa juu na bomba refu mdomoni, hata mtungi huuhitaji.

Na popote utakapojazia, wajaze polepole, mtungi ukiwa ndani ya pipa la maji. Unakumbuka Mama alivyokuwa anaweka kiganja juu ya bega la mtungi? Akisikia joto, anasimamisha mashine. "Hewa haikimbizwi," alikuwa anasema.

Mbona Baba haandiki? Tangu niondoke baada ya mazishi sijaona mstari wake hata mmoja. Kwani hana kalamu?

Mwanao

—

11 Machi

Mwanangu,

Tumeipata barua na tumecheka, yaani mimi nimecheka. Mlinzi wa kiwanda cha soda nimempita bila kumwangalia, asije akaniua kwa wema wake. Fundi cherehani amepata mteja wa suti, sasa anaimba asubuhi na jioni. Paa limeongeza tundu.

Mkuu wa zimamoto nilimwendea na kilemba kipya. Alinisikiliza, akaniuliza kama kweli mwanamke wa umri wangu anazamia. Nikamwambia aje bandarini ashike kamba aone. Amekubali kunijazia mitungi ikishapata chapa mpya. Kwa hiyo kazi iliyobaki ni yako.

Mitatu nimempa dereva. Lakini nisingekutumia mitungi iliyochunika mbele ya wakubwa zako, wakasema binti huyu katoka jalalani. Yuko bwana hapa anapaka rimu za magari: anazinyunyizia rangi ya unga, anazitia tanurini, unga unayeyuka na kuganda kama kioo. Tulimpelekea yote minne, baba yako mwenyewe akasukuma mkokoteni. Imerudi ya njano, inameremeta! Nilijiangalia kwenye mmoja nikatengeneza kilemba.

Ipokee, na uniambie wakubwa zako wamesemaje.

Baba yako anakusalimu, ingawa hakutamka.

Shangazi yako

—

30 Machi

Shikamoo shangazi,

Mimi mzima. Sina habari nyingine za nyumbani, nisamehe.

Mitungi yako ilipofika watu waliisifu. Tukaupima wa kwanza. Ukavimba, tukaachia, haukurudi. Msimamizi akasema turudie, labda tumesoma vibaya. Ulikuwa umevimba vilevile. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu hatukufika mwisho. Nguvu ilikuwa bado inapanda tukasikia mshindo, si mkubwa, kama mtu ameangusha gunia chumba cha pili. Maji ya tangi yakaruka, yakatufikia viatuni. Tulipouinua ulikuwa na ufa kuanzia begani hadi karibu na kitako, na rangi yako ya njano imekunjuka pembeni mwa ufa kama ganda la ndizi.

Shangazi, nani alikwambia mitungi ya alumini huokwa? Mitungi hii ilitiwa moto kiwandani kwa kipimo chake, ndiyo ikapata nguvu. Ukiitia moto wa pili wa tanuri la rimu, nguvu yote inatoka na kwa macho huoni kitu. Pengine ilikuwa mizima kabisa hadi siku mlipoipendezesha. Ingekuwa mtu ameijaza hewa baada ya kuokwa, ningekuwa nimekuja kuzika tena. Msimamizi wangu ana miaka mingi kwenye kazi hii, alitoka nje akasimama peke yake kwenye ua.

Sasa nijibu. Uliandika mmepeleka minne. Kwangu imefika mitatu. Wa nne uko wapi? Uko na nani? Umejaa au mtupu? Kama umejaa msiugonge, msiuburute, msiuweke juani, na yeyote asiujaze tena, hata mkuu wa zimamoto akikubembeleza.

Nijibu kwa lori hilihili.

Mwanao

—

19 Aprili

Mwanangu,

Samahani kwa kuchelewa. Lori lilinipita nikiwa nimekaa hapohapo barabarani na karatasi tupu mkononi.

Barua yako nimeisoma mara moja tu, sitaki kuisoma tena. Nililala na taa inawaka. Kila nikifumba macho nalisikia hilo gunia. Yule bwana wa rimu nimemwendea, nikamwambia aandike kwa herufi kubwa mlangoni kwamba mitungi haingii. Alikuwa amekaa anakula. Aliacha kula.

Mimi kwa sasa nazamia kwa bomba, kama ulivyosema. Wenzangu wawili wana kompresa yao, nawalipa kwa kukwangua sehemu yao ya propela ambayo wao hawaipendi. Bomba lipo upande unakotoka upepo, nimelikagua mwenyewe. Paa tumeziba. Fundi cherehani anaumwa koo, tunapumzika.

Huo wa nne usiusumbukie. Upo mahali salama, hakuna anayeugusa. Achana nao.

Baba yako hajambo, ila usingizi wake si mzuri.

Shangazi yako

Tena nilitaka kukuuliza, si kwa sababu yoyote: mtungi uliojaa, ukilala chumbani miezi mingi, chini ya kitanda cha mtu kwa mfano, una madhara?

—

SIMU YA MAANDISHI
27 Aprili

SHANGAZI. MTOE BABA CHUMBANI SASA. MTUNGI MSIUSOGEZE. FUNGUA VALI YA SHINGONI KIDOGO HAPOHAPO ULIPO. MADIRISHA WAZI. WOTE NJE MPAKA UISHE. MSINGOJE BARUA. MWANAO

—

3 Mei

Mwanangu,

Kwanza jua kwamba baba yako mzima, mimi mzima, nyumba imesimama. Nimeanza na hilo ili uweze kukaa. Sasa kaa.

Simu yako ililetwa nikiwa naanika nguo. Niliisoma, nguo zikaniponyoka zikaangukia tope. Nikaingia chumbani kwa baba yako bila hodi, jambo ambalo sijalifanya tangu tukiwa watoto. Alikuwa amekaa juu ya kitanda. Na mwanangu, nisikufiche tena, mtungi ulikuwa chini yake, umefungwa kwenye shuka la mama yako. Miaka hii miwili ulikuwa hapo, ukiacha siku ile ya rangi. Mimi nilijua. Niliposoma barua yako ya ule ufa nilimsihi ahame chumba, akakataa, na alikuwa ameniapisha nisikwambie. Alisema utamwona amerukwa na akili.

Nikamsomea simu yako kwa sauti ya juu kwa sababu ya masikio yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huo haukuokwa."

Nikamwambia, "Kaka, usinichezee. Niliuona na rangi yake."

"Yule bwana wa rangi alisema lazima mitungi itolewe hewa kabla ya tanuri. Ile mitatu ilikuwa mitupu. Huu nikaurudisha. Nimeupaka mwenyewe, nyuma ya nyumba, kwa brashi."

Nikapiga magoti, nikachungulia chini ya kitanda, nikavuta pembe ya shuka. Kweli! Rangi ina mistari, na unywele mmoja wa brashi umegandia. Mimi niliyejitazama na kilemba kwenye mingine, huu sikuwahi kuutazama. Nilitaka kumpiga. Nimeota ndoto mbaya wiki hizi zote, wewe umetetemeka huko, na yeye alijua na amekaa kimya! Nilimwambia yote hayo, tena kwa maneno ambayo siwezi kuyaandikia mtoto.

Aliirudishia ile pembe ya shuka. Kisha akasema, "Aliujaza yeye."

Nilidhani anauweka kama kumbukumbu tu, chombo cha kazi cha mkewe. Kumbe ndio wa mwisho mama yako kuujaza, kabla hatujampeleka hospitali. Unakumbuka alivyokuwa amechoka, tukamwambia aache, akasema amalizie huu mmoja? Hewa aliyoijaza siku ile ilikuwa bado imo humo. Kaka yangu hakutaka kuifungua, na hakutaka mtu mwingine aifungue.

Nikamwambia mtoto amesema uishe. Huu haukuokwa, sawa, lakini haujapimwa pia, na mtoto hawezi kulala. Nilidhani atagoma. Akauliza, "Amesema hivyo? Kwamba nitolewe mimi kwanza?"

"Ameanza na wewe. Mtungi ameutaja baadaye."

Akainama, akautoa. Nilipiga kelele kwamba umekataza usisogezwe, hakunisikia au alijifanya. Aliubeba mikononi kama mtoto aliyepitiwa na usingizi, akatoka nao uani, akavuta kiti cha jikoni. Mimi nikadhani ataufungua uvume aondoke. Hakufanya hivyo. Alifunga kifaa chake cha zamani cha kupumulia, akakiweka mdomoni, akafumba macho, akaanza kuvuta.

Mwanangu, nimezamia maisha yangu yote na sijaona kitu cha kunishtua kama kile. Mzee mzima, kaptura, miguu peku juu ya udongo mkavu, anavuta hewa ya mkewe. Nilimwita, akanipungia mkono wa mzamiaji: niko sawa. Fundi cherehani alitoka mlangoni na futi shingoni, akaona, akarudi ndani akasimamisha cherehani. Nilikaa kizingitini. Jua lilihama kutoka miguuni mwake likapanda ukutani, naye alikuwa bado anavuta, polepole, kama alivyokuwa akisema mama yako, hewa haikimbizwi.

Mwisho nikasikia mlio umekuwa mzito, ule unaokujulisha kuwa mtungi unakwisha. Akavuta ya mwisho, akaibana. Sisi wazamiaji kitu cha kwanza tunachofundishwa ni kutobana pumzi. Yeye ndiye aliyenifundisha hivyo, na aliibana mpaka nikapiga ukelele, "Achia, kaka! Achia!"

Akaachia. Akaniangalia akasema, "Haina harufu. Hewa yake haikuwa na harufu hata siku moja."

Nililia, nikaficha uso kwenye nguo zilizoanguka kwenye tope, ungeniona ungecheka. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshakitoa kifaa, anafuta vali kwa lile shuka. Akaniuliza, "Anwani ya mtoto inaandikwaje?"

Mtungi huu unakuja kwa lori, mtupu. Mwandiko wa juu ni wake.

Shangazi yako

—

24 Mei

Shikamoo shangazi,

Mwambie na Baba shikamoo, tena kwa sauti ya juu.

Barua yako niliisomea karakana, na nilipofika kwenye kiti cha jikoni nilipiga kelele mpaka wenzangu wakazima mashine. Hewa ya miaka miwili! Ndani ya mtungi usiokaguliwa! Kama kungekuwa na unyevu au mafuta mle angeanguka palepale kwenye kiti, na wewe umekaa kizingitini unatazama jua! Nimekukasirikia siku nzima. Na yeye nimemkasirikia. Jioni nikajikuta nimekaa chooni kwa mwenye nyumba, kuku wanabisha mlango, nalia.

Mtungi umefika. Anwani nimeikata nimeibandika juu ya meza yangu. Hakuniandikia salamu, lakini jina la karakana ameliandika kwa herufi kubwa kubwa, kama anayeogopa mtungi usije ukapotea njia.

Sikutaka mtu mwingine aushike. Nilifungua vali, nikaingiza taa nikachungulia. Nilitegemea kutu nyeupe, tope, harufu. Ndani mlikuwa mkavu na safi mpaka msimamizi akauliza aliyekuwa anaujaza alisomea wapi. Nikamwambia alikuwa mama yangu, alisomea uani. Tukaujaza maji, tukauzamisha. Mimi ndiye niliyeshika mkono wa pampu, na nilikuwa nimefumba jicho moja. Ukavimba. Nikaachia. Shangazi, ulirudi wote! Nilirukaruka kwenye maji ya sakafuni kama mwehu. Tarehe nimeigonga mwenyewe shingoni, chini ya zile za zamani.

Ile mitatu nimeikata kwa msumeno vipande viwiliviwili, isije ikampata mtu mwingine anayependa kupendezesha vitu.

Kisha nikaujaza. Tuna kompresa nzuri hapa, kwa ajili ya zimamoto, inaweza kuujaza upesi sana. Nilitafuta pipa, nikatia maji, nikaufungua kidogo kidogo. Wenzangu walikula chakula cha mchana wakarudi wakanikuta palepale. Dereva wa lori ameulaza na kuufunga kamba, nimemsimamia.

Mtungi usirudi chini ya kitanda. Ni wa kazi sasa, ni wako wewe. Zamia nao, uvute mpaka usikie ule mlio mzito, kisha unirudishie kwa lori niujaze tena, na anwani aandike Baba kila mara.

Mwambie hewa hii nimeitia mimi. Mwambie kiganja changu kilikuwa juu ya bega la mtungi mpaka mwisho, na haukupata joto.

Mwanenu